Nani Kasema Mashine Hii Imezeeka?

Mteja alikuwa amesimama kaunta na haraka zake, barua yake ya maombi ya kazi iko nusu kwenye printa, ndipo skrini nzima ikafunikwa na tangazo. Kwamba muda wa Windows 10 unafikia mwisho. Kwamba kompyuta hii haina sifa za kupokea Windows 11. Asante sana kwa kuwa nasi, na ukibonyeza hapa utaona kompyuta mpya zinazokufaa.

Mama Mdogo alilisoma lote kwa sauti, taratibu, na Kiingereza chake cha sekondari ya zamani. Kisha akanigeukia.

"Mwanangu, hii mashine ina ubovu gani? Si inafanya kazi?"

Nikamwambia tutaangalia. Printa ikamalizia karatasi, mteja akalipa, akatoka mbio kuwahi daladala ya Mtumba. Mimi nikabaki na lile swali, likanikaa kichwani kwa wiki kadhaa, maana kila jibu nililolipata lilizaa swali lingine lenye kelele zaidi.

Mashine ina ubovu gani?

## Mashine mbili za Chang'ombe

Stesheneri ya mtaani sihitaji kuieleza. Hakuna anayesoma hapa ambaye hajawahi kusimama mbele yake na flashi mkononi, akiomba atolewe kopi ya kitambulisho "haraka tu, dada". Ya Mama Mdogo iko Chang'ombe, hapa Dodoma, na ina kompyuta mbili.

Ya kwanza ni laptopu, HP EliteBook 840 G3. Ukikaa Dodoma mwezi mmoja utakuwa umeshaiona kwenye meza nyingi kuliko chupa za chai. Kibodi yake ina alama ya pauni juu ya namba tatu, na mgongoni imebaki gundi ya stika ya ofisi fulani ya Uingereza iliyobanduliwa nusunusu. Ya pili ni ya mezani, Dell OptiPlex 7010, nyeusi, nzito, na vumbi la mji huu limeingia mpaka kwenye matundu ya USB. Zote mbili ni mtumba, na hakuna anayeona aibu kusema hivyo.

Laptopu ina prosesa ya Intel Core i5-6300U. Hiyo tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi chake: sita. Dell ni ya kizazi cha tatu, familia iliyoingia sokoni mwaka 2012. Microsoft, kwa upande wa Intel, inaanzia kizazi cha nane. Kwa hiyo kwa hesabu za waliotengeneza Windows 11, ile ya kwanza imechelewa kidogo na ya pili imechelewa sana.

Lakini kaa nayo uone. Fundi alikwishatoa zile diski za kuzunguka, akaweka SSD, diski za kasi zisizozunguka, na kuongeza ramu mpaka GB 8 kila moja. Laptopu inawaka kabla Mama Mdogo hajamaliza kufungua dirisha la duka. Word inafunguka, Photoshop ya zamani ya kukatia pasport saizi inafunguka, mfumo wa maombi ya ajira serikalini unafunguka pale mtandao unapopenda.

Kasi haikuwa tatizo, na hilo ndilo lililoniudhi. Kama mashine ingekuwa inajikokota ningesema imechoka, tutafute nyingine. Hii ilikuwa imeambiwa izeeke kwa tangazo.

## Vigezo na upenyo wake

Nilijipa kazi ya kuelewa sababu, maana sipendi kulalamikia kitu nisichokijua.

Windows 11 ilitoka Oktoba 2021 na masharti yaliyowashtua wengi. GB 4 za ramu na GB 64 za nafasi si kitu, hata simu za siku hizi zinayo. Kinachowafungia watu nje ni vitu viwili: prosesa iwe kwenye orodha yao, na kompyuta iwe na chipu ya TPM toleo la 2.0. Chipu hiyo hutunza funguo za siri mbali na mfumo endeshi wenyewe. Mwizi akichomoa diski yako iliyofungwa kwa siri na kuichomeka kwenye mashine nyingine, funguo hazimfuati. Pia kuna ulinzi wa wakati wa kuwasha, unaokagua kama kinachowaka ni mfumo halali au ni kirusi kilichojipenyeza mbele ya foleni.

Hizi si hadithi za kuuzia mashine. Ni ulinzi wa kweli, na kuna sehemu zake ambazo prosesa za zamani huzifanya kwa shida, mashine ikawa nzito.

Sasa njoo kwenye upenyo. Kizazi cha saba kiliachwa nje karibu chote, isipokuwa vichache. Mmojawapo wa waliopita mlangoni ni prosesa ya i7-7820HQ, na prosesa hiyo ndiyo iliyokuwa ndani ya Surface Studio 2, kompyuta ambayo Microsoft wenyewe walikuwa wanaiuza.

Niliposoma hilo niliweka simu chini.

Sisemi usalama ni kisingizio. Nasema mstari uliochorwa ulipinda ulipofika nyumbani kwa mchoraji, na mtu wa Chang'ombe ana haki ya kuuliza kama ungepinda pia kwake. Tena mwaka 2015, Windows 10 ilipokaribia kutoka, mfanyakazi mmoja wa Microsoft alisimama jukwaani akasema hiyo ndiyo Windows ya mwisho, itakuwa inaboreshwa tu. Miaka kumi baadaye, Oktoba 14, 2025, msaada ukakatwa.

## Mkia wa kalenda

Kuna jambo ambalo makala nyingi za teknolojia hazilioni, kwa sababu zinaandikwa na watu wanaonunua kompyuta ikiwa na nailoni.

Sisi hununua mwisho wa mstari. Ofisi ya Birmingham au Rotterdam inachukua mashine mpya, inaitumia miaka mitatu, minne, mitano, inaiuza kwa jumla. Anakuja mnunuzi wa Dubai. Kontena linafika Dar, mzigo unapanda Kariakoo, na mwisho wa safari yuko kijana mwenye meza ya vioo jirani na Jamatini anayekuhakikishia kwamba betri inakaa saa tano. Kwa hiyo ile miaka kumi ya Windows 10, kwa mwenye ofisi wa Ulaya, ilikuwa kumi kweli. Kwa Mama Mdogo ilikuwa michache ya mwisho.

Na saa ya msaada haianzi kuhesabu siku uliyonunua. Inahesabu tangu siku ambayo hukuwepo.

Kampuni ya utafiti ya Canalys ilikadiria mwishoni mwa 2023 kwamba kompyuta zipatazo milioni 240 duniani zingekosa thamani ya kuuzwa tena kwa sababu ya mabadiliko haya. Ukiisoma namba hiyo ukiwa London unaona taka. Ukiisoma ukiwa Dodoma unaona mzigo ulioko njiani. Ofisi zinazotoa mashine za kizazi cha sita na cha saba haziwezi kuzitupa baharini. Zitaziuza, na zitakuja kwetu kwa bei ya kutabasamu. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) watanunua. Wenye stesheneri watanunua. Na nyingi zitakuwa zimepigwa Windows 11 tayari, kwa njia nitakayoieleza hapa chini, bila mnunuzi kuambiwa.

Kwa hiyo ukinunua mashine msimu huu, usitazame rangi ya skrini. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika winver, uone toleo. Fanya hivyo tena, andika tpm.msc, uone kama chipu ipo na ni toleo gani. Kisha soma namba ya prosesa. Muuzaji akikuambia "i5 ni i5 tu", mshukuru, nenda meza inayofuata.

## Apdeti ya mwisho

Hapa ndipo fikra zangu zilipogeuka.

Nilikuwa nimeshajiandaa kuandika makala ya hasira. Kampuni tajiri, mama wa Chang'ombe, mashine nzima inayoambiwa imekufa. Makala ya namna hiyo inajiandika. Kabla ya kuianza nikaona niandike winver kwenye ile laptopu, nipate tu namba kamili ya toleo.

Ikaniambia 1909.

Kwa wasiofuatilia mambo haya: 1909 ni toleo la Windows 10 lililotoka mwishoni mwa 2019. Kwa kompyuta za kawaida msaada wake uliisha Mei 2021. Nikafungua historia ya apdeti, ikawa tupu kabisa. Nikaenda kwenye huduma za mfumo, nikakuta ile ya apdeti imezimwa kwa mkono. Nikaenda kwenye mtandao, nikakuta hotspoti ya simu ya Mama Mdogo imewekewa alama ya kubana matumizi.

Nikamuuliza.

"Fundi alizima," akasema, bila hata kugeuka, anapanga kava za ripoti. "Zilikuwa zinakula bando. Niliweka bando la wiki asubuhi, saa nne limeisha. Nikamwambia azime kila kitu kinachojitafunia chenyewe."

Ungemwambia nini? Mtu anauza kopi kwa shilingi mia, mashine inamla GB nzima bila kubisha hodi.

Kwa hiyo Oktoba 14, 2025 haikumwondolea chochote Mama Mdogo. Ilifika ikakuta mashine yake iko nje ya ulinzi kwa zaidi ya miaka minne. Na nina hakika si peke yake. Ingia stesheneri tano za mji huu, Majengo, Area C, Nkuhungu, kokote, andika winver, halafu uniambie. Tunabishana kuhusu mlango uliofungwa huku hatujawahi kuingia ndani.

Mei 2017 kirusi kilichoitwa WannaCry kilifunga kompyuta zaidi ya laki mbili katika nchi zipatazo 150, zikiwemo za hospitali za Uingereza. Tundu kilichopitia lilikuwa limeshazibwa: Microsoft walitoa kiraka mwezi Machi mwaka huo huo. Nyingi ya mashine zilizoangushwa zilikuwa za Windows 7, ambayo wakati ule bado ilikuwa inahudumiwa. Walikuwa na haki ya dawa na hawakuinywa. Nimelirudia jambo hili kichwani mara nyingi, kwa sababu linavuruga hoja ya pande zote mbili. Mfumo mpya usiopokea apdeti si mpya. Na mfumo wa zamani haukuwa adui wa Mama Mdogo kabla bei ya bando haijawa.

## Kilichomo kwenye folda ya Downloads

Ningeweza kuishia hapo na kusema basi, hakuna kilichobadilika, tuendelee. Fundi aliniambia hivyo hivyo. Kilichonizuia ni folda moja.

Downloads ya mashine ya stesheneri haifai kuonwa na mtu mwenye moyo mwepesi. Vitambulisho vya NIDA vilivyoskaniwa mbele na nyuma. Vyeti vya kuzaliwa. Vyeti vya kidato cha nne. Hati za viwanja. Fomu za mkopo wa elimu ya juu zenye majina ya wazazi, namba za simu, akaunti za benki na sahihi. Pasport saizi za watu ambao hawakumbuki walipigwa lini. Kila mteja aliyewahi kusema "niskanie kisha nitumie WhatsApp" ameacha kivuli chake pale.

Tangu Mei 1, 2023 nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na ina Tume yake. Wengi tunaidhani inahusu benki na kampuni za simu. Lakini anayekusanya na kutunza taarifa za watu ni huyu mama mwenye printa moja, na hakuna aliyemwambia. Mimi mwenyewe nilipomweleza aliona namtisha.

"Kwani mimi nauza hizo karatasi za watu?"

"Huuzi, Mama. Lakini akiingia mtu humu ndani akazichukua, utamweleza nini mwenye kitambulisho?"

Akanyamaza kidogo. "Zifute basi."

Tulizifuta siku ile ile. Sasa kila jioni kabla ya kufunga anaisafisha ile folda na kapu la takataka. Huo ndio uboreshaji wa kwanza tulioufanya, haukuhitaji chipu ya TPM wala senti, na bado nadhani ndio wenye faida kuliko yote niliyoyafanya baadaye kwa majigambo mengi.

## "Napiga sasa hivi, mkuu"

Fundi wetu ni kijana mwerevu, na sisemi kwa kejeli. Ana meza mjini, anarekebisha chaji za simu, anapiga window, anarudisha picha zilizofutika. Nilimpelekea swali.

"Mkuu, hiyo Windows 11 napiga sasa hivi. Chai yako haitapoa."

"Na vile vigezo?"

"Hayo ni maneno yao. Kuna Rufus."

Rufus ni programu ndogo ya bure inayotengeneza flashi ya kuwashia kompyuta, na ina kisanduku unachoweka tiki ili masharti ya TPM, ya ramu na ya ulinzi wa kuwasha yaondolewe. Inafanya kazi. Nimeona laptopu za kizazi cha nne zinatembea na Windows 11 vizuri tu. Ukomo upo kwa zile za kale kabisa: tangu toleo la 24H2, prosesa isiyo na maagizo ya SSE4.2 na POPCNT haiwaki hata ukiiombea, na hapo ndipo akina Core 2 Duo walipofungiwa kabisa.

Nilimuuliza kuhusu apdeti. Akasema zinakuja. Ni kweli, zile za kila mwezi kwa kawaida zinafika. Lakini Microsoft wameandika wazi kwamba mashine isiyo na sifa haina haki ya kuzidai, na lile toleo kubwa la kila mwaka halijileti lenyewe. Inabidi fundi arudi na flashi. Maana yake Mama Mdogo angekuwa na mfumo mpya unaotegemea huruma ya Redmond, makao makuu ya Microsoft, na kumbukumbu ya kijana wa Jamatini.

Kuna jambo jingine nililomwambia kwa upole. Hiyo flashi yake ya Windows 11 aliitoa wapi? Akacheka. Alipewa. Aliyempa naye alipewa. Ndani yake kuna kifaa cha kuikreki, yaani kuitumia bila kulipia leseni, na kifaa chenyewe kinakutaka uzime antivirusi kabla ya kukiendesha. Mtu anayekuomba uzime taa kabla hajaingia ndani, mimi simfungulii. Nakala safi inapakuliwa bure kwenye tovuti ya Microsoft wenyewe. Kazi ni bando tu.

Bando tena.

## Mint kwenye Dell

Uamuzi wa ile ya mezani ulikuja kutoka upande ambao sikuutarajia: virusi vya flashi.

Mnavijua. Mteja anachomeka flashi, folda zake zote zimegeuka shotikati. Anabonyeza moja, inafunguka kama kawaida, kumbe nyuma ya pazia imeshajinakili kwenye kompyuta, na kuanzia hapo kila flashi itakayochomekwa inaondoka na zawadi. Msimu wa fomu za kujiunga kidato cha tano, Mama Mdogo alikuwa anasambaza virusi mtaa mzima bila kujua, na wateja walikuwa wanamlaumu, na yeye alikuwa anawalaumu wao.

Virusi hivi vimeandikiwa Windows. Kwenye Linux, mfumo endeshi mwingine usio wa Microsoft, ile shotikati ni faili lisilo na kazi, haina wa kumwita. Na kile ilichokificha unakiona, kimekaa kwenye folda yake iliyofichwa.

Nikawaza: kwa nini mashine inayopokea flashi za watu baki iwe ndiyo ile ile inayoingia kwenye akaunti za watu?

Nilipakua Linux Mint 22, mojawapo ya sura za Linux, usiku, karibu GB 3, bando la usiku likaniokoa. Toleo hilo lina uhai wa apdeti mpaka 2029, halikuuliza Dell ni ya mwaka gani, na uzuri wake ni kwamba unaweza kuliwasha kutoka kwenye flashi bila kugusa kilichomo kwenye diski. Mama Mdogo alilijaribu hivyo kwanza, akabonyeza huku na huku, akasema "mbona ni ile ile tu, imehamishwa fanicha." Printa ya Epson ya matenki ya wino iliitikia. Skana nayo ikaitikia, nikajifanya sikushangaa.

Baada ya hapo ukaja ukweli.

Faili za Word. Wateja wanaleta wasifu zao zimepambwa visanduku, mistari na picha, LibreOffice, programu za ofisi zilizokuja na Mint, inafungua na kusogeza vitu. Barua ya kawaida haina shida, maana kuna fonti mbadala zilizopimwa upana ule ule. Lakini wasifu wenye mbwembwe unafika kurasa tatu badala ya mbili, na mteja anakutazama kana kwamba umemharibia ajira. Mama Mdogo ametunga sera yake: mteja analeta PDF, au anasubiri upande wa laptopu. Ameibandika ukutani kwa karatasi ya laminesheni.

Pasport saizi ndiyo iliyogoma. Photoshop haimo kwenye Linux. GIMP, programu ya picha ya bure, inaweza kufanya kazi hiyo, nilimwonyesha, akanisikiliza mpaka mwisho kwa adabu. Kisha akasema mkono wake umezoea ile nyingine, na foleni ya wanafunzi haimsubiri mtu ajifunze. Nilinyamaza. Nimeona watu wa kompyuta wanavyowalaumu wenzao kwa kukataa kubadilika, na wengi wao hawajawahi kuwa na watu wanane kaunta.

Fundi alipoiona Mint akasema hayo ni mambo ya wataalamu wa Ulaya. Nikamkumbusha, au tuseme nilimwambia kwa mara ya kwanza, kwamba mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice: programu za ofisi kwa Kiswahili. LibreOffice hii anayoiona ni mtoto wa ukoo huo huo wa OpenOffice. Yeye mwaka huo alikuwa bado hajaanza darasa la kwanza, hivyo simdai.

## Laptopu imenunuliwa mwaka mmoja zaidi

Iliyobaki ni ile ya pauni.

Microsoft wameweka mpango wa kuongeza apdeti za usalama kwa Windows 10 mpaka Oktoba 13, 2026. Unalipia dola 30, au unatumia pointi 1,000 za zawadi zao, au unapewa bure ukikubali mipangilio ya kompyuta yako ihifadhiwe kwenye akaunti yao. Sharti mashine iwe kwenye toleo la 22H2, na uingie kwa akaunti ya Microsoft.

Kutoka 1909 kwenda 22H2 kulimla Mama Mdogo uvumilivu. Nilihamisha mashine nyumbani kwangu, nikaiacha usiku. Huduma ya apdeti nikaiwasha, lile kubana matumizi nikaliacha, na sasa makubaliano ni kwamba Jumapili nikija kula naileta hotspoti yangu, mashine inajilisha huku sisi tunakula ugali na mlenda. Si utaratibu ambao ungeandikwa kwenye kitabu cha usalama wa mitandao. Unafanya kazi.

Kuhusu ile njia ya bure tulibishana. Yeye alisikia "mipangilio yako ihifadhiwe kwao" akasema hapana, mambo yangu yasiende kwao. Nikamwambia WhatsApp yako imeshaenda kwao wengine siku nyingi. Akasema hilo ni la simu, hili ni la duka. Kuna mantiki ndani yake kuliko nilivyotaka kukubali. Mwishowe alikubali kwa akaunti mpya isiyo na jina la duka wala namba yake ya simu ya biashara, na sisi wote wawili tukaona tumeshinda.

Kinachofuata hatujakubaliana bado. Oktoba 2026 ikifika, mimi nasema laptopu nayo ihamie Mint, na Photoshop ya pasport itafutiwe mashine ya kizazi cha nane, iliyo mtumba kama kawaida, ambayo kufikia hapo ofisi za wenzetu zitakuwa zimeanza kuzichoka. Mama Mdogo anasema hapana: fundi apige ile Windows 11 ya kupenya, yeye aendelee na kazi, na hela ya mashine nyingine ataongezea kununua mashine ya kopi ya pili, kwa sababu foleni iko kwenye kopi, haiko kwenye Windows.

Nimepiga hesabu za duka lake mara mbili nikitafuta pa kumshindia. Kwenye hesabu, yuko sahihi. Naendelea kubisha kwa upande wa vitambulisho vya watu, naye anaendelea kuvifuta kila jioni.

Kama una stesheneri na umeshapita njia mojawapo kati ya hizi, hasa kwenye hilo la pasport saizi, niandikie. Sitaki ushauri wa mtu ambaye hajawahi kusimama kaunta msimu wa fomu.